Albert Ruskin Cook

Albert Ruskin Cook (22 Machi 1870 – 23 Aprili 1951) alikuwa daktari na mmisionari wa Kanisa Anglikana kutoka Uingereza, aliyeishi nchini Uganda kwa zaidi ya miaka hamsini. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa Hospitali ya Mengo mjini Kampala mwaka 1897, na kama mmoja wa watu wa kwanza kuwafundisha Waafrika wa Afrika Mashariki elimu ya tiba kwa utaratibu wa shule. Shule aliyoianzisha Mengo mwaka 1917 haikutoa shahada, wala haikudumu miaka mingi. Lakini kazi yake iliendelezwa Mulago na Makerere, na huko ndiko ilikopatikana baadaye shahada ya kwanza ya tiba katika Afrika Mashariki.

Pamoja na mke wake Katharine alianzisha pia mafunzo ya wakunga, aliandika vitabu vya tiba kwa lugha ya Kiganda, na alikuwa kati ya madaktari wa kwanza kutambua mlipuko wa malale uliowaua watu wengi kando ya Ziwa Viktoria mwanzoni mwa karne ya 20.

Maisha ya awali na masomo

Cook alizaliwa Hampstead, London, katika familia ya daktari. Alisoma katika shule ya St Paul's mjini London, kisha akaenda Trinity College katika Chuo Kikuu cha Cambridge, alikopata shahada yake ya kwanza mwaka 1893. Mafunzo ya hospitalini aliyapata St Bartholomew's, mojawapo ya hospitali za kale kabisa za London, akahitimu kuwa daktari mwaka 1895. Shahada ya juu ya udaktari aliipata mwaka 1901, alipokuwa tayari ameshafanya kazi Uganda kwa miaka kadhaa.

Wakati wa masomo yake wanafunzi wengi wa vyuo vikuu vya Uingereza walivutiwa na kazi ya misheni. Cook alijiunga na CMS, shirika la misheni la Kianglikana lililokuwa na wamisionari Uganda tangu mwaka 1877. Alipotumwa, Uganda ilikuwa nchi lindwa ya Uingereza kwa miaka miwili tu, na ufalme wa Buganda ulikuwa bado na makovu ya vita vya kidini kati ya Waprotestanti, Wakatoliki na Waislamu.

Safari ya kwenda Uganda

Kundi la wamisionari alilosafiri nalo Cook liliondoka Uingereza mwaka 1896. Ndani ya kundi hilo alikuwemo muuguzi Katharine Timpson (1863–1938), ambaye baadaye alikuwa mke wake.

Wamisionari wa kwanza wa CMS waliokwenda Buganda walipitia Zanzibar, kisha walikata bara kwa njia ya kusini kupitia Mamboya katika nchi ya Kilosa na Mpwapwa, hadi ncha ya kusini ya Ziwa Viktoria. Kundi la Cook lilitumia njia ya kaskazini iliyoanzia Mombasa. Ujenzi wa reli ya Uganda ulikuwa ndiyo kwanza umeanza, na treni haikufika ziwani hadi mwaka 1901. Kwa hiyo safari ya zaidi ya kilomita 1,000 ilifanyika kwa miguu, huku wapagazi wakibeba mizigo yote, pamoja na dawa na vifaa vya upasuaji. Walifika Mengo, makao ya Kabaka wa Buganda, mwezi wa Februari 1897.

Hospitali ya Mengo

Siku chache baada ya kufika, Cook alianza kupokea wagonjwa. Mwaka uleule wa 1897 ilifunguliwa hospitali ndogo kwenye kilima cha Namirembe, karibu na kanisa kuu la Waanglikana. Jengo lilikuwa la miti, matete na udongo, na paa lake lilikuwa la nyasi. Hospitali ya Mengo huhesabiwa kuwa hospitali ya kale kuliko zote nchini Uganda.

Mwaka huo ulikuwa wa misukosuko. Mwezi wa Julai Kabaka Mwanga II aliasi dhidi ya Waingereza, akashindwa na kukimbia. Miezi michache baadaye askari wa Kisudani waliokuwa katika jeshi la serikali walifanya maasi yao na kujifungia katika ngome ya Luba huko Busoga. Cook alikwenda huko kuwatibu majeruhi. Mwanzo wa kazi yake ulikuwa basi pia wa daktari wa vita.

Mwaka 1899 alijiunga naye ndugu yake, John Howard Cook, aliyeitwa kwa kawaida Jack, ambaye pia alikuwa daktari na mpasuaji. Mwaka 1900 Albert alimwoa Katharine Timpson. Mwaka huohuo hospitali kubwa zaidi ilikamilika, lakini mwaka 1902 ilipigwa na radi na kuteketea kwa moto. Hospitali mpya ya matofali ilifunguliwa mwaka 1904. Mwaka 1907 Mengo ilipata mashine ya eksirei, mojawapo ya mashine za kwanza za aina hiyo katika Afrika Mashariki.

Hospitali ilipokea wagonjwa wa dini zote. Ilikuwa pia chombo cha misheni: sala na mahubiri vilikuwa sehemu ya utaratibu wa kila siku. Si watu wote waliokubali tiba ya aina hiyo. Mwaka 1914 lilitokea Buganda kundi la Wamalaki, lililoongozwa na Malaki Musajjakawa na chifu Joswa Kate Mugema. Kundi hilo lilifundisha kwamba kutumia dawa ni kukosa imani kwa Mungu, na kwa muda mfupi lilipata wafuasi wengi. Upinzani huo ulitoka ndani ya Ukristo wenyewe, na ulionyesha kwamba daktari wa kigeni hangeweza kutegemea heshima ya misheni peke yake ili watu waamini tiba yake.

Mlipuko wa malale

Mwanzoni mwa mwaka 1901 Albert na Jack Cook waliona Mengo wagonjwa waliokuwa na dalili zisizo za kawaida: homa za muda mrefu, kukonda, kuchanganyikiwa na usingizi usiokoma hadi kifo. Walitambua kwamba ni malale, ugonjwa uliojulikana Afrika ya Magharibi na bonde la Kongo, lakini haukuwa umeripotiwa na madaktari katika nchi hiyo. Walitoa taarifa kwa serikali.

Chanzo cha ugonjwa hakikujulikana wakati huo. Tume za wataalamu zilitumwa kutoka Uingereza, na mwaka 1903 kazi ya Aldo Castellani na David Bruce ilionyesha kwamba malale husababishwa na vijidudu vya trypanosoma vinavyosambazwa na mbung'o. Hakukuwa na dawa ya kuponya kwa uhakika. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 250,000 walikufa Busoga, katika visiwa na kando ya ziwa. Kuanzia mwaka 1906 gavana Hesketh Bell aliamuru watu wahamishwe kutoka mwambao wa ziwa ili wasikutane na mbung'o.

Kwa Cook mlipuko huo ulionyesha udhaifu wa huduma yote ya tiba nchini. Madaktari walikuwa wachache mno, na wote walitoka nje. Wagonjwa walikufa vijijini kabla ya kuonwa na mtu yeyote aliyesomea tiba.

Kampeni dhidi ya kaswende

Miaka michache baadaye serikali ilielekeza nguvu zake kwenye kaswende. Kanali F. J. Lambkin wa jeshi la Uingereza alitumwa Uganda mwaka 1907, akaripoti kwamba sehemu kubwa sana ya Waganda walikuwa wameambukizwa. Cook aliunga mkono maoni hayo na kuandika kuhusu ugonjwa huo katika majarida ya kitabibu. Yeye na wamisionari wenzake waliuona kama jambo la maadili pia, wakaendesha kampeni za usafi wa maisha pamoja na matibabu.

Kutokana na kampeni hiyo kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa kilianzishwa mwaka 1913 kwenye kilima cha Mulago. Kituo hicho ndicho mwanzo wa Hospitali ya Mulago, ambayo leo ni hospitali kuu ya rufaa ya Uganda.

Wataalamu wa baadaye wameyatilia shaka makadirio ya wakati huo. Vipimo vya damu vilikuwa haba, na wagonjwa wengi waliohesabiwa kuwa na kaswende huenda walikuwa na buba au aina ya kaswende isiyoambukizwa kwa kujamiiana. Uchunguzi wa lazima wa miili ya watu, hasa wanawake, uliwachukiza wengi. Sehemu hii ya kazi ya Cook ndiyo inayokosolewa zaidi na wanahistoria.

Katharine Cook na mafunzo ya wakunga

Vifo vya watoto wachanga na vya akina mama wakati wa kujifungua viliwasumbua sana Cook na mke wake. Katharine, aliyekuwa msimamizi wa wauguzi wa Mengo, aliongoza kuanzishwa kwa shule ya wakunga mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Shule ilipewa jina la Lady Coryndon, mke wa Robert Coryndon, gavana wa Uganda kuanzia 1918 hadi 1922. Wasichana waliohitimu walitumwa kwenye vituo vidogo vya uzazi mikoani, ambako mara nyingi mkunga alikuwa peke yake bila daktari wa karibu. Katika miaka hiyohiyo watawa Wakatoliki wa Hospitali ya Nsambya, wakiongozwa na Mama Kevin kutoka Ireland, walianza nao kufundisha wakunga.

Kwa ajili ya wanafunzi hao Albert na Katharine waliandika kwa Kiganda kitabu cha ukunga, Amagezi Agokuzalisa, maana yake ni maarifa ya kuzalisha. Kilikuwa mojawapo ya vitabu vya kwanza vya mafunzo ya tiba kwa lugha ya Kiafrika katika eneo hilo.

Mafunzo ya wakunga yalithibitisha jambo lililobishaniwa wakati huo: kwamba Waafrika waliosomeshwa katika nchi yao, na hata kwa lugha yao, waliweza kubeba dhamana ya uhai wa mgonjwa bila kusimamiwa kila saa. Kwa upande wa udaktari wenyewe ubishi ulikuwa mkali zaidi.

Shule ya tiba ya Mengo

Tangu miaka ya kwanza Cook alikuwa na wasaidizi Waganda katika wodi, katika zahanati na katika chumba cha upasuaji. Walijifunza kwa kutazama na kutenda: kufunga vidonda, kupima na kugawa dawa, kuchunguza kwa darubini. Utaratibu huo ulikuwa wa kawaida katika hospitali za misheni. Kasoro yake ni kwamba msaidizi alijua namna ya kufanya jambo bila kujua sababu yake, na hakuwa na cheti ambacho kingetambuliwa mahali pengine.

Serikali kwa upande wake iliwatumia matabibu wasaidizi kutoka Bara Hindi, waliosomeshwa huko kwa kozi fupi kuliko ya daktari kamili. Waliajiriwa pia katika nchi jirani. Mpango huo ulikuwa na gharama, na haukuacha elimu yoyote nchini: mtu alipomaliza mkataba wake aliondoka na ujuzi wake.

Vita Kuu ya Kwanza vilibadilisha hali. Kampeni ya Afrika Mashariki dhidi ya Wajerumani ilitegemea wapagazi, na maelfu kwa maelfu yao walikufa, wengi kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu kuliko kwa risasi. Hospitali ya Mengo ilipokea majeruhi wa vita. Mwaka 1917 liliundwa Uganda kikosi cha tiba cha Waafrika chini ya daktari wa serikali G. J. Keane. Vijana waliosoma katika shule za misheni walijiunga na kufundishwa kuwahudumia wagonjwa na majeruhi. Msaidizi wa Keane alikuwa Douglas Tomblings, ambaye baadaye aliongoza Makerere katika miaka yake ya mwanzo. Kazi ya kikosi hicho iliwashawishi maofisa waliokuwa na mashaka kwamba vijana Waafrika wanaweza kujifunza tiba haraka na kuitumia katika mazingira magumu.

Mwaka huohuo wa 1917 Cook alifungua Mengo shule ya tiba kwa Waafrika. Tofauti na mafunzo ya wodini ya zamani, hii ilikuwa shule kwa maana kamili: wanafunzi waliochaguliwa walikuwa na masomo na mitihani, na mazoezi yao waliyafanya kando ya vitanda vya wagonjwa. Walimu walikuwa madaktari walewale wa hospitali, waliofundisha pamoja na kazi zao za upasuaji na matibabu.

Matatizo ya shule yalikuwa mengi. Misheni haikuwa na fedha za kutosha. Wanafunzi waliohitimu shule za awali wakiwa na msingi wa sayansi walikuwa wachache, kwa kuwa shule zenyewe zilikuwa chache. Zaidi ya yote, hapakuwa na sheria wala chombo ambacho kingewapa wahitimu hadhi. Mtu aliyemaliza masomo Mengo hakuwa daktari mbele ya sheria, hata kama aliwatibu wagonjwa wengi kila siku.

Swali lililokuwa nyuma ya matatizo hayo lilikuwa ni kiwango. Maofisa wengi wa kikoloni walikubali kwamba Mwafrika asomeshwe kuwa msaidizi wa daktari Mzungu. Wachache walikubali kwamba asomeshwe kuwa daktari. Msimamo wa Cook ulikuwa wa kati kwa vipimo vya leo, lakini wa mbele kwa wakati wake: alitaka mafunzo yaanze mara moja kwa kiwango kilichowezekana, akihimiza kiwango hicho kipandishwe kadiri shule zilivyokua. Alikuwa rais wa tawi la Uganda la Chama cha Madaktari wa Uingereza kuanzia 1914 hadi 1918, kwa hiyo maoni yake yalisikika hata nje ya misheni.

Kutoka Mengo hadi Makerere

Mwaka 1922 serikali ilifungua shule ya ufundi kwenye kilima cha Makerere ikiwa na wanafunzi 14. Muda si mrefu masomo mengine yaliongezwa, na tiba ilikuwa mojawapo. Shule ya Tiba ya Makerere huhesabu mwanzo wake kuwa mwaka 1924. Masomo ya msingi ya sayansi yalitolewa Makerere, na mafunzo kwa vitendo yalifanyika katika Hospitali ya Mulago. Serikali ilikuwa na fedha, majengo na mamlaka ya kutoa ajira, na kazi ya kufundisha matabibu ikahamia kwake. Shule ya Mengo ikafikia mwisho, huku hospitali ikiendelea kufundisha wakunga na wauguzi.

Cook hakuupinga mpango wa serikali, bali alihimiza chuo hicho kianzishwe. Hata hivyo kupanda kwa kiwango kulikwenda polepole. Mwanzoni wahitimu walilenga ngazi ya tabibu msaidizi, sawa na ile ya matabibu kutoka Bara Hindi. Baadaye kozi ilirefushwa na cheti kikapandishwa, na wanafunzi wakaja kutoka Kenya, Tanganyika na Zanzibar pia. Mmoja wao alikuwa Vedasto Kyaruzi kutoka Tanganyika, aliyekuwa rais wa chama cha TAA mwaka 1950, kabla ya Julius Nyerere.

Kwa miaka mingi wahitimu hao walibaki na cheo cha afisa tabibu msaidizi, wakipewa mshahara mdogo kuliko madaktari Wazungu waliofanya kazi ileile katika hospitali ileile. Malalamiko yao juu ya mshahara, cheo na usajili yalikuwa sehemu ya siasa za nchi zote za Afrika Mashariki kabla ya uhuru.

Mwaka 1949 Makerere ilipata hadhi ya chuo kikuu kishiriki kwa uhusiano na Chuo Kikuu cha London. Mwishoni mwa miaka ya 1950 sifa ya udaktari ya Makerere ilitambuliwa na baraza la tiba la Uingereza. Mwaka 1963 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na tangu hapo wanafunzi wa Makerere waliweza kupewa shahada kamili ya tiba na upasuaji na chuo kikuu cha eneo lao wenyewe. Kutoka shule ya Mengo hadi hapo ilikuwa imepita miaka 46. Nairobi ilianza kufundisha shahada ya tiba mwaka 1967. Dar es Salaam, ambako shule ya tiba ilikuwa imefunguliwa mwaka 1963, ilianza mwaka 1968. Shule hiyo ndiyo iliyokua kuwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili.

Maandishi na kumbukumbu za hospitali

Mwaka 1903 Cook alichapisha kamusi ndogo ya maneno na misemo ya kitabibu kwa Kiganda, ili kumsaidia daktari mgeni kuelewana na mgonjwa. Aliandika pia makala za kitabibu, na mwaka 1945 alitoa kitabu cha kumbukumbu za maisha yake, Uganda Memories, kilichochapishwa Kampala.

Mchango wake mwingine kwa sayansi haukukusudiwa kuwa kitabu. Tangu mwaka 1897 Cook na wenzake waliandika taarifa za wagonjwa wao kwa uangalifu: dalili, utambuzi wa ugonjwa, matibabu na matokeo. Kumbukumbu hizo zilihifadhiwa. Katika miaka ya 1950 na 1960 watafiti wa Makerere walizichambua ili kujua kama saratani zilizoonekana Uganda wakati wao zilikuwa mpya au zilikuwepo tangu zamani. Suala hilo lilikuwa na uzito kwa sababu mwaka 1958 Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago, alikuwa ameeleza aina ya saratani ya taya kwa watoto ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Matokeo ya uchambuzi wa miaka 1897 hadi 1956 yalichapishwa mwaka 1964. Hospitali chache za Afrika zilikuwa na kumbukumbu za miaka mingi kiasi hicho.

Kustaafu, heshima na kifo

Cook alistaafu kazi ya CMS mwaka 1934 lakini hakurudi Uingereza. Yeye na Katharine walibaki Kampala. Alikuwa tena rais wa tawi la Uganda la Chama cha Madaktari wa Uingereza mwaka 1936–1937. Serikali ya Uingereza ilimpa nishani kadhaa, na mwaka 1932 alipewa cheo cha Sir. Katharine alifariki mwaka 1938, na ndugu yake Jack mwaka 1946.

Albert Cook alifariki Kampala tarehe 23 Aprili 1951, akiwa na umri wa miaka 81. Alizikwa Namirembe, kwenye viwanja vya kanisa kuu, juu ya kilima kilekile alichoanzia kazi.

Urithi

Hospitali ya Mengo inaendelea kutoa huduma chini ya Kanisa la Uganda. Maktaba ya tiba ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyopo Mulago, inaitwa kwa jina la Sir Albert Cook, na ndani yake zimo kumbukumbu za wagonjwa wa Mengo. Mjini Kampala kuna barabara yenye jina lake.

Tathmini ya maisha yake ina pande mbili. Alikuwa mtu wa wakati wa ukoloni, aliyeamini kwamba tiba na Ukristo wa Kiingereza vinakwenda pamoja, na maoni yake kuhusu kaswende yaliwahukumu Waganda kwa ukali ambao ushahidi wa baadaye haukuuthibitisha. Historia ya Mengo pia imeandikwa zaidi kwa majina ya Waingereza, ilhali hospitali isingeendeshwa siku moja bila wasaidizi, wauguzi na wakunga Waganda.

Kwa upande mwingine, alianza kufundisha wakati ambapo wengi walisema wanafunzi bado hawajawa tayari. Hakusubiri majengo, sheria wala fedha za serikali, na shule ilipopata mwenyeji mwenye uwezo zaidi, aliiacha iende. Swali la kiwango alilokumbana nalo halijafa pia. Nchi za Afrika Mashariki bado zina ngazi ya kati ya matabibu waliosoma miaka michache kuliko daktari wa shahada, ambao ndio wanaoonana na wagonjwa wengi wa vijijini. Nchini Tanzania husomeshwa katika vyuo kama kile cha Kilosa mkoani Morogoro. Kama ilivyokuwa kwa wahitimu wa Mengo, kazi wanayofanya mara nyingi ni kubwa kuliko cheo walichopewa.